Osteoklasti: kama inavunja, vipande viko wapi?

Nilikuwa nawaonyesha wanafunzi wa mwaka wa pili kipande cha mfupa chini ya hadubini, tukafika kwenye osteoklasti, seli inayoondoa mfupa. Nikawapa maana ya jina kama nilivyopewa mimi: kwa Kigiriki osteon ni mfupa, klastos ni kilichovunjwa. Kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, kama inavunja, vipande viko wapi?"

Nikainama kutazama tena. Seli ilikuwa palepale, kubwa kuliko jirani zake zote, viini zaidi ya kumi vimerundikana ndani yake, imejilaza kwenye kishimo kilichochimbika mfupani. Ukingo wa kishimo ulikuwa laini kama wa sabuni iliyolowana. Chenga hata moja hakuna.

Jina hilo alilitoa Albert von Kölliker, Mswisi aliyekuwa akifundisha Würzburg, Ujerumani, mwaka 1873. Seli yenyewe haikuwa ngeni: Mfaransa Charles Robin alishaieleza mwaka 1849, akaiita kwa neno lenye maana ya bamba la uboho, yaani aliipa jina la umbo na makao yake. Vile vishimo navyo vinaitwa kwa jina la John Howship, mpasuaji wa London aliyeviona mapema zaidi. Kölliker akaipa seli jina la kazi. Tayari Mjerumani Carl Gegenbaur alikuwa ameziita seli zinazojenga mfupa osteoblasti mwaka 1864, kutokana na blastos, chipukizi, kwa hiyo pacha wake akapatikana kirahisi.

Kinachonichekesha ni kwamba karne hiyohiyo wapasuaji wa Ulaya walikuwa na kifaa kiitwacho osteoklasti. Kilikuwa chuma cha kubana mguu wenye matege mpaka mfupa ukatike, kisha unyooshwe na kufungwa upya. Hicho kweli kilivunja!

Seli haina nguvu hizo. Hujigandisha juu ya mfupa, ikaziba kingo pande zote, halafu humwaga chini yake asidi ya haidrokloriki, ileile ya tumboni mwetu. Madini huyeyuka kwanza. Kolajeni iliyobaki, yaani nyuzi za protini za mfupa, humalizwa na vimeng'enya, hasa kathepsini K.

Siku hizi darasani nasema "kiyeyusha mfupa". Kwenye mtihani bado wanaandika osteoklasti, maana mtahini wa nje hatanielewa.