"Tabora hakuna cha kuangalia": tusahihishane

Mgeni akishuka stesheni ya Tabora, swali lake kwa dereva wa bajaji huwa lile lile: hapa kuna nini cha kuangalia? Jibu analopewa, tena na sisi wenyeji wenyewe, linaniuma kila nikilisikia: "Hapa hakuna kitu, labda uende Kigoma ukaone ziwa." Nimetembeza wageni wa kutosha kujua kwamba tunawanyima mengi kwa maneno yale machache.

Wanasema Tabora haina makumbusho. Ipo, Kwihara, kilomita chache tu nje ya mji. Na akishaambiwa hivyo mtu huangukia kosa la pili: kwamba nyumba yenye makumbusho hayo aliijenga Livingstone, yule mmisionari msafiri, na ndipo Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta, alipompata. Sivyo. Walikutana Ujiji, huko Kigoma, mwaka 1871, ndiyo maana Kigoma nao wana makumbusho yao. Tembe la Kwihara, yaani nyumba hiyo ya udongo, lilikuwa la wafanyabiashara Waarabu. Stanley alifikia humo mwaka 1871 akiwa njiani kwenda Ujiji, akakwama kwa miezi kadhaa kwa sababu ya vita kati ya Mirambo, mtemi (chifu) wa Wanyamwezi wa huku, na Waarabu wa Unyanyembe, eneo hili la Tabora. Februari 1872 alirudi hapo akiwa na Livingstone. Machi Stanley akashika njia ya pwani, na Livingstone akabaki akingoja wapagazi mpaka Agosti. Kwa hiyo katika nyumba inayoitwa kwa jina lake, Livingstone aliishi kama nusu mwaka tu.

Wageni wengi huingia, wakatazama nakala za barua, ramani na picha, kisha wakatoka. Mimi huwaomba wasimame kwanza mlangoni. Mbao zimetiwa nakshi, na vumbi letu jekundu limejikalia ndani ya mifereji yake. Pitisha kidole taratibu: utahisi mahali patasi ilipozama na mahali ilipopita juu juu. Kisha ingia. Kuta ni za udongo, nene, na hata jua la Oktoba likiwaka nje, ndani kuna ubaridi. Ufundi wa nakshi uliopanda kutoka pwani na misafara umepachikwa kwenye ukuta wa tembe, ujenzi wa huku bara. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi ya sanaa ya kwanza ya kumwonyesha mgeni wa Tabora, na haimhusu Livingstone hata kidogo.

Dhana nyingine: uchongaji ni wa Wamakonde. Wamakonde ni mabingwa, hakuna wa kubisha. Lakini Wanyamwezi nao walichonga sanamu za watu na viti vya enzi vya watemi. Kimoja kinachonasibishwa nao, cha karne ya 19, kiko katika makumbusho ya ethnolojia ya Berlin. Kina urefu wa mita moja na zaidi kidogo, na kwenye egemeo lake umechongwa mwili wa mtu, kichwa kikichomoza juu, kana kwamba aliyekaa analindwa mgongoni. Mtoto wa Tabora akitaka kukiona kwa macho yake, apande ndege. Hilo ndilo linalofanya watu wadhani hatukuwahi kuchonga.

Wapo pia wanaodhani fedha zote za utawala wa Wajerumani huku zilitoka Ulaya. Mwaka 1916, wakiwa wamezingirwa na vita, walifua sarafu hapa hapa, kwenye karakana ya reli ya Lulanguru. Ile ya dhahabu, ya rupia 15, ina tembo aliyeinua mkonga na mlima nyuma yake. Septemba mwaka huo huo Wabelgiji wakauteka mji. Leo wakusanyaji wa sarafu duniani wanaijua Tabora kwa tembo yule.

Ninalolisikia zaidi ni hili: "Tabora hakuna thieta." Kama thieta ni pazia na viti vya mstari, sawa. Lakini nenda vijijini baada ya mavuno, wakati mahindi yameshaingia ghalani. Utakuta manyanga, ngoma iliyopewa jina la vibuyu vinavyotikiswa. Ukibahatika utakuta uyeye, ngoma ya nyoka. Watu husema ni uchawi. Bayeye, wachezaji wake, ni chama chenye mafunzo yake: mwanachama huingizwa rasmi, hujifunza kumkamata nyoka na dawa za aliyeumwa. Chatu unayemwona shingoni mwa mchezaji hana sumu kabisa. Hatari yake ni kubana, na mchezaji anajua amshike wapi. Mbele ya hadhira kuna kiongozi anayeimba, kundi linaloitikia, kejeli, vituko, na watazamaji wanaorudi nyuma kwa pamoja nyoka akiinua kichwa. Kama hiyo si thieta, sijui tuiite nini.

Usifike na kamera mbele. Salimia kwanza, "mwangaluka", omba ruhusa kwa wakubwa wa kundi, uliza na utaratibu wa kuwatunza wachezaji. Na ukikuta ngoma zimelazwa karibu na moto wa nyasi, hakuna anayecheza, usidhani umechelewa. Ngozi zinakazwa. Tafuta kivuli ukae.