Sarufi ya Lojban kwa msemaji wa Kiswahili: jua nafasi kabla ya kukariri maneno

Wengi wanaoanza Lojban, lugha ya kuundwa, hukimbilia orodha ya mizizi. Mizizi ni zaidi ya 1,300, kila mmoja wa herufi tano, na mtu akishakariri mia mbili anajiona amefika. Halafu anaandika sentensi ya kwanza, na inasema jambo ambalo hakulikusudia. Maneno anayo, ila hajui kila moja linakaa wapi.

Kwa ufupi, Lojban ilizaliwa Marekani mwaka 1987 chini ya Logical Language Group, baada ya mvutano kuhusu lugha iliyoitangulia, Loglan, ambayo James Cooke Brown alianza kuiunda mwaka 1955. Mizizi ilichanganywa kutoka Kichina, Kihindi, Kiingereza, Kirusi, Kihispania na Kiarabu. Kanuni za sarufi zimepangwa hivi kwamba kompyuta inaweza kuichambua sentensi yoyote na kupata muundo mmoja tu. Nasema muundo. Maana yenyewe inaweza kubaki pana, na anayekuahidi kwamba hutawahi kueleweka vibaya anakudanganya.

Kwenye matamshi tuna nafuu na taabu. Irabu a, e, i, o, u ni zetu zilezile, na mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho kama tulivyozoea. Irabu ya sita, y, ni sauti hafifu ya mtu anayesita. Herufi c husomwa "sh", na x ni "kh" ya wanaotamka "kheri" kwa lafudhi ya Kiarabu. Ritifaa kati ya irabu mbili husomwa "h".

Taabu ni konsonanti zinazofuatana. Chukua klama, yaani kwenda. Ukipachika irabu ukasema "kilama", mzizi umekufa, kwa sababu mzizi lazima uwe na konsonanti mbili zilizoshikana. Msikilizaji atasikia vijineno vitatu, ki, la na ma, kila kimoja na kazi yake. Gerku (mbwa) ukiitamka "geruku" inavunjika vilevile: ge, ru, ku. Sheria inaruhusu kairabu kafupi ka kusaidia ulimi, mradi kasifanane na yoyote kati ya zile sita.

Wapo pia wanaobadilishana r na l. Kwenye Kiswahili muktadha huwaokoa, lakini hapa lo prenu ni mtu au watu fulani, na ro prenu ni kila mtu. Wanaosema "samba" kwa "shamba", jambo utakalolisikia sana upande wa Kisumu, wako pabaya zaidi. Kijineno cu hutangulia kiarifu. Su hufuta kila ulichosema tangu uanze kuongea. Ni neno halali kabisa la lugha, na mashine itakutii.

Sasa nafasi zenyewe. Kila mzizi huja na nafasi zilizopangwa kwa namba, na mpangilio haubadiliki. Klama ina tano: anayekwenda, anakokwenda, anakotoka, anakopitia, na chombo. Kwa hiyo:

mi klama la .kisumus. la .nakurus. la .keritcos. lo karce

Maana yake: naenda Kisumu kutoka Nakuru, kupitia Kericho, kwa gari. Hakuna "kutoka" wala "kupitia" popote, nafasi peke yake ndiyo inayosema. Majina yameongezwa s kwa sababu jina la aina hii lazima liishie kwa konsonanti (yoyote itafaa), nukta ni vituo vya kupumua, na "ch" huandikwa tc. Angalia kwamba uendako hutangulia utokako. Anayefikiria safari kwa mfuatano wake, Nakuru kwanza kisha Kisumu, hujikuta amerudi nyumbani.

Ukitaka kuruka nafasi, tumia fa, fe, fi, fo, fu, yaani ya kwanza hadi ya tano. Mi klama fo la .keritcos. ni napitia Kericho, na mengine sijayataja. Lakini hesabu huendelea kutoka pale uliporukia. Andika mi klama fo la .keritcos. la .kisumus. na Kisumu inaingia nafasi ya tano: umeufanya mji mzima kuwa chombo cha usafiri. Dawa yake ni kuweka fe mbele ya la .kisumus.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni kubadilishana nafasi. Se hubadilisha ya kwanza na ya pili, te ya kwanza na ya tatu, ve ya nne, xe ya tano. Mzizi vecnu una muuzaji, bidhaa, mnunuzi na bei. Mama wa samaki pale Kibuye ni lo vecnu, samaki wake ni lo se vecnu, wewe mteja ni lo te vecnu, na bei mnayovutana ni lo ve vecnu. Mzizi mmoja umekamilisha soko. Msemaji wa Kiswahili huona se akadhani ni -wa ya kutendwa. Inafanana, ila se haiondoi mtu yeyote kwenye sentensi, inahamisha viti tu. Wala usitafute kitu kama -ia ya "pikia" cha kuongeza nafasi kwenye mzizi. Citka (kula) haina nafasi ya kifaa, kwa hiyo kijiko unakileta na kijineno chake: sepi'o lo smuci.

Kosa linalowasumbua wengi kwa muda mrefu ni kusahau cu. Lo ninmu cu vecnu lo finpe: mwanamke anauza samaki. Ondoa cu, na ninmu vecnu hushikana kuwa "muuzaji wa kike", sentensi ikabaki bila kiarifu. Kichambuzi, yaani programu ya kompyuta inayochambua sentensi, hakitalalamika, kwa sababu orodha ya nomino ni tamko halali. Kwa hiyo usiridhike kwamba sentensi imekubalika. Kagua mabano ambayo kichambuzi huonyesha nayo maneno gani yameshikana.

Kazi kama hiyo hufanywa pia na vifungio, yaani vijineno vinavyofunga sehemu ya sentensi. Mi cusku lo se du'u lo ninmu cu klama kei do ni nakwambia kwamba mwanamke anaenda. Sahau kei, na do inamezwa na klama: nasema kwamba mwanamke anakuja kwako. Vifungio vingi huachwa bila madhara. Ushauri wangu ni uviandike vyote mwanzoni, kisha uondoe kimoja kimoja huku ukitazama kama mabano yamehama. Kichambuzi cha camxes hufunguka kwenye kivinjari, na kina chaguo la kuonyesha vifungio ulivyoacha.

"Na" yetu nayo inahitaji kugawanywa. "Otieno na Barasa walibeba meza": kila mmoja kwa zamu yake, au wote kwa pamoja? Lojban haikuruhusu kukwepa. La .otienos. .e la .barasas. cu bevri lo jubme inasema Otieno aliibeba, na Barasa pia aliibeba. Ukiweka joi badala ya .e, waliibeba kwa pamoja. Wanafunzi hutumia .e kila mahali kwa mazoea, na meza zote nzito zinabebwa na mtu mmoja mmoja.

"Au" ni hivyo hivyo. Kwa .a angalau kimoja ni kweli, hata vyote viwili, na kwa .onai ni kimoja tu. Ukiulizwa do djica lo tcati ji lo ckafi, unataka chai au kahawa, jibu ni kiunganishi: .e ukitaka zote mbili, .enai ukitaka chai bila kahawa, na.e ukitaka kahawa bila chai. Ukikataa zote, na.enai.