Nairobi mpaka New York ni masaa mangapi, na kwanini hesabu yako inagoma

Mtu akiuliza Nairobi na New York ni mbali kiasi gani, huwa anauliza vitu viwili kwa mpigo, kilomita na masaa, na ukichukua kimoja ukagawanya ili upate kingine hesabu haikubali.

Kilomita kwanza. Toka JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, mpaka JFK, uwanja wa New York, ni kama 11,800, ila sio za kupima na rula kwenye ile ramani ya ukutani, maana dunia ni mviringo kama chungwa na ramani imeivuta ikalala bapa. Rula itakupitisha Nigeria, Mauritania huko, halafu bahari. Sasa chukua tufe, lile la plastiki la darasani, vuta uzi toka mji mmoja mpaka mwingine uone, uzi unapanda juu, unakata Sahara na kutokea Morocco! Huo uzi ndio umbali unaotajwa, ndege yenyewe inaweza kupinda kidogo kukwepa hali mbaya ya hewa au anga iliyofungwa.

Haya, masaa. Dreamliner, ile ndege ya Boeing 787, inakata kama kilomita 900 kwa saa, ukigawanya unapata masaa 13 na kidogo, mbona tiketi inasema karibu 15? Tiketi inahesabu toka ndege inaachia geti mpaka inafika geti ya huko, foleni ya kuruka imo humo humo. Halafu kuna upepo, na huu ndo mchawi mwenyewe, huko juu kama kilomita 10 kuna upepo mkali unavuma kama mto toka magharibi kwenda mashariki, ukienda Marekani unakupiga usoni, ukirudi unakusukuma mgongoni, ndo maana kurudi kwa kawaida ni kufupi. Mwezi wa pili 2020 ndege ya British Airways ilitoka New York ikafika London kwa masaa 4 na dakika 56, chini ya masaa 5 yaani, dhoruba Ciara iliibeba tu.

Kingine ni saa za ukutani. New York iko nyuma ya Nairobi masaa 7 wakati wa joto lao, 8 wakati wa baridi, na tiketi inaandika saa ya kila mji kivyake. Wakati wa joto lao, ukiondoka Nairobi saa sita usiku na safari ikachukua masaa 15, unashuka saa mbili asubuhi ya kwao, mtu anatoa anapata 8 anadhani umeishia London.

Na sisi waswahili tuna letu la ziada. Kuna siku tulienda kumpokea binamu anarudi toka huko, tiketi imeandikwa 10:00, mjomba akasema "ni saa kumi" na mjomba akishasema nani abishe, tukafika eapoti saa tisa na nusu tumependeza, kumbe 10:00 ni saa nne asubuhi. Binamu tulimkuta kakalia sanduku lake, hata salamu hakuitikia.