Ugonjwa ukilipuka, je, serikali hupoteza kura?

Vijiweni Kigoma husemwa kuwa ugonjwa ukilipuka, walio madarakani wamekwisha. Si kweli. Machi 2020, Uviko-19 ilipozipiga Italia na Uingereza, kukubalika kwa mawaziri wakuu wa wakati huo, Giuseppe Conte na Boris Johnson, kulipanda: watu wakiogopa, kwanza hujikusanya nyuma ya kiongozi. Hasira huja baadaye, nayo hufuata kinachoonekana. Mei 2015 kipindupindu kilizuka Kagunga, kijiji cha mkoa wa Kigoma kisichofikika kwa barabara, walikokusanyika wakimbizi wa Burundi. Wakimbizi hao wakavushwa kwa meli ya MV Liemba hadi Kigoma mjini. Uchaguzi mkuu wa Tanzania ulikuwa Oktoba 25 mwaka huo. Katika miezi mitano hiyo, kinachobaki kichwani mwa mpiga kura ni klorini, dawa ya kusafisha maji, iliyofika au kukosekana, na bomba lililokauka. Mlipuko uliozuiwa mapema hauonekani, hivyo hauleti kura. Ndiyo maana, kwa bahati mbaya sana, fedha za maji safi huwa rahisi kukatwa.