Kabla hujahesabu mataji, shika raketi

Kazi yangu ni kufunga nyuzi za raketi za tenisi, na mezani kwangu ubishi wa nani bingwa wa mabingwa hauishi. Kijana akileta raketi yake ataanza: Djokovic mataji makubwa 24, Nadal 22, Federer 20, basi, maneno yamekwisha. Huwa simjibu. Namshushia raketi ya mbao ninayoiweka juu ya kabati, aishike. Kwanza anashtuka uzito. Kisha anautazama uso wa raketi hiyo, pale penye nyuzi: takriban inchi za mraba 65, na wa raketi yake ni 100. Mpira ukigonga pembeni kidogo tu, raketi inajipinda mkononi.

Kwa chombo hicho Rod Laver alitwaa mataji yote manne makubwa, yaani Australia, Ufaransa, Wimbledon ya Uingereza na Marekani, mwaka 1962, akarudia 1969. Katikati, kwa kosa la kucheza kwa malipo, alifungiwa nje tangu 1963 hadi 1967. Mashindano 20 hayo. Ana mataji 11. Ila nisimpambe mno: enzi zake matatu kati ya manne yalichezwa kwenye nyasi, na nyasi alizijua.

Björn Borg naye ana 11, na huyu ndiye anayeninyima usingizi. Australia alicheza mara moja tu, 1974. Wakati ule mabingwa wengi hawakuona haja ya safari hiyo. Lakini 1978, 1979 na 1980 alishinda Ufaransa kwenye udongo, na wiki chache baadaye akashinda Wimbledon. Udongo huuchelewesha mpira na kuurusha juu. Nyasi za siku zile ziliutelezesha chini, usawa wa vifundo vya miguu. Ni kama michezo miwili. Baada yake hakuna mwanamume aliyeunganisha mataji hayo mwaka mmoja mpaka Nadal, 2008. Halafu Federer, 2009. Halafu Nadal tena, 2010.

Miaka 27 patupu, kisha mitatu mfululizo! Hao jamaa ni moto, sikatai, lakini njia ilikuwa imeshalainishwa. Mwaka 2001 Wimbledon iliacha mchanganyiko wake wa nyasi na kupanda aina moja tu, ngumu zaidi, na mpira ukawa unadunda juu. Na nyuzi nazo. Za zamani ni utumbo wa ng'ombe: tamu mkononi, ila zikisogea hazirudi, ndiyo maana mchezaji alikuwa akizinyoosha kwa vidole kila baada ya pointi. Za poliesta, alizoshindia Gustavo Kuerten Ufaransa mwaka 1997, huteleza mpira unapozigusa na kurudi pale pale kwa kishindo, na kule kurudi ndiko kunakousokota mpira. Nadal alikuwa akipiga kwa nguvu zake zote, mpira unapaa, kisha unazama ndani ya mstari. Mtu wa kukimbilia wavuni kama Pete Sampras, bingwa wa miaka ya 1990, angeuona ukimshukia miguuni.

Je, ni mtu au ni chombo? Borg aliwahi kulijibu swali hili kwa mwili wake. Mwaka 1991, akiwa na miaka 34, alirudi uwanjani Monte Carlo na raketi yake ya mbao. Huyu ni mtu aliyekuwa akizikaza nyuzi kwa mvuto wa karibu pauni 80. Mimi nikipita 60 tu nakunja uso. Upande wa pili alisimama Jordi Arrese wa Hispania, ambaye hakuna anayemtaja kwenye ubishi huu. Borg alifungwa seti mbili kwa bila.

Kijana akisikia hapo hucheka: "Si unaona?"

Namuuliza, na Arrese naye ungempa ya mbao?