Kuhamia kwenye wingu hakukuondolei wajibu wa taarifa za watu

Tangu Microsoft ilipositisha msaada kwa programu zake za seva ya barua pepe, Exchange Server 2016 na 2019, tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni nyingi zimeona ni afadhali kuachana kabisa na seva za ofisini, yaani kompyuta kuu zinazotunza data za kazi, na kuhamia kwenye huduma za wingu, yaani mashine za kampuni nyingine zinazofikiwa kwa mtandao. Windows Server 2016, mfumo unaoendesha seva nyingi, nayo inafikia ukomo wa msaada tarehe 12 Januari 2027, kwa hiyo wengi zaidi watafuata. Sisi tunaoshughulikia ulinzi wa taarifa binafsi tunauunga mkono uamuzi huo. Seva isiyopata tena marekebisho ya usalama inamweka hatarini kila mtu ambaye mshahara wake, anwani yake au majibu yake ya vipimo yamo ndani yake. Na ni kampuni chache zinazoweza kuweka walinzi, majenereta na mafundi wa zamu usiku na mchana kama wafanyavyo watoa huduma wakubwa.

Tatizo liko kwenye malalamiko yanayotufikia baada ya kuhama. Taarifa zimevuja au zimepotea, na mlalamikiwa anatujibu kwamba aulizwe mtoa huduma wa wingu. Tunaamini wengi hujibu hivyo kwa nia njema. Hata hivyo, jibu hilo halimwondolei mtu lawama. Aliyekusanya taarifa ndiye anayewajibika kwa wenye taarifa hizo. Mtoa huduma ni mchakataji, anazishika kwa niaba yake na kwa maelekezo yake. Ndivyo ilivyo katika Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, na ndivyo ilivyo katika kanuni ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa data (GDPR) iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018.

Atakaye mfano auangalie mkasa wa benki ya Capital One ya Marekani. Mwaka 2019 mtu mmoja alipenya kupitia kinga ya mtandao iliyokuwa imepangwa vibaya, akachukua taarifa za watu wapatao milioni 100 nchini Marekani na milioni 6 nchini Kanada. Taarifa hizo zilikuwa zimehifadhiwa kwenye wingu la Amazon. Mwaka 2020 msimamizi wa mabenki wa Marekani alitoza faini ya dola milioni 80, na aliyetozwa ni benki. Mashine zilikuwa za Amazon, lakini mipangilio ilikuwa kazi ya benki. Mtoa huduma anabeba jengo, umeme, diski na mitambo yake. Akaunti, manenosiri, nani anaruhusiwa kuona nini, na folda gani iko wazi kwa dunia nzima, hayo yote ni yako.

Dhana inayotusumbua kuliko zote ni kwamba ukishakuwa kwenye wingu huhitaji tena bakapu, yaani nakala ya akiba. Si kweli, na tumelisema hili mara nyingi. Huduma ya kuhifadhi mafaili inayooanisha kompyuta na wingu hufanya kile ulichofanya wewe: ukifuta hapa, kule nako kunafutika. Virusi vinavyofunga mafaili na kudai malipo vikiingia kwenye kompyuta ya mhasibu, mafaili yaliyofungwa ndiyo yanayopandishwa juu na kuchukua nafasi ya yale mazima. Baadhi ya huduma hutunza matoleo ya nyuma, lakini kwa muda. Kwenye Microsoft 365, huduma ya wingu ya barua pepe na mafaili, mtumiaji aliyefutwa anaweza kurejeshwa ndani ya siku 30, na faili lililofutwa kwenye SharePoint, sehemu yake ya kutunza mafaili ya pamoja, hukaa kapuni siku 93. Mfanyakazi akiondoka mwezi Januari, akaunti yake ikafutwa ili kuokoa ada ya leseni, kisha mkaguzi akaziomba barua pepe zake mwezi Aprili, muda wa kuzirejesha umeshapita na hakuna mwingine wa kumlaumu.

Bakapu yenyewe nayo inategemea imewekwa wapi. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza kituo kimoja cha data cha OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, na wapo wateja waliopoteza kila kitu kwa sababu nakala zao zilikuwa palepale. Mwaka 2014 kampuni ya Code Spaces, iliyokuwa ikihifadhi kazi za waandika programu, iliingiliwa na mtu aliyepata ufunguo wa ukurasa wa kuendeshea huduma zake za Amazon. Alidai pesa, walipojaribu kumtoa, akafuta sehemu kubwa ya data pamoja na bakapu, maana vyote vilifunguliwa kwa ufunguo mmoja. Kampuni ilifungwa. Kinyume chake ni UniSuper, mfuko wa pensheni wa Australia wenye wanachama zaidi ya 600,000. Mwezi Mei 2024 ilibainika kwamba mazingira yake ya wingu yanayoendesha huduma zake yalifutwa na Google kwa hitilafu ya mipangilio iliyofanywa na upande wa Google wenyewe. Huduma zilisimama kwa siku kadhaa, lakini zilirudi, na mojawapo ya mambo yaliyosaidia ni kwamba mfuko huo ulikuwa na bakapu kwa mtoa huduma mwingine. Kwa hiyo angalau nakala moja iwe nje ya akaunti yako kuu, yenye nenosiri lake, na ijaribiwe kwa kurejesha faili halisi. Kuona alama ya kijani kwenye skrini si kuijaribu.

Kuna wanaotuandikia wakiomba orodha ya watoa huduma walioidhinishwa. Si kazi ya ofisi ya usimamizi kumchagulia mtu wa kufanya naye biashara, na makala hii haichukui nafasi ya ushauri wa mwanasheria wako. Tunachokagua ni mkataba. Uwe wa maandishi, utaje kazi atakayofanya mchakataji, hatua zake za usalama, wakandarasi wadogo anaowatumia, nchi data itakapokaa, na namna utakavyoichukua siku ukiondoka. Nchi huchaguliwa unapoanzisha huduma, kwenye kisanduku kidogo ambacho wengi hukipita bila kukisoma. Kuibadilisha baadaye ni kazi kubwa, na kupeleka taarifa binafsi nje ya mipaka kuna masharti yake kisheria.

Kuhusu adhabu, tofauti zake zinafaa kueleweka vizuri. Nchini Kenya faini ya kiutawala inafikia shilingi milioni 5, au kwa kampuni asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, na kinachochukuliwa ni kiwango kilicho kidogo. Katika Umoja wa Ulaya, kasoro za mkataba na mchakataji au za usalama hufikia euro milioni 10 au asilimia 2 ya mauzo ya dunia nzima; ukiukaji mzito zaidi hufikia euro milioni 20 au asilimia 4, na huko kinachochukuliwa ni kiwango kilicho kikubwa. Faini haizimi haki ya aliyeathirika kudai fidia. Ni mambo mawili tofauti.

Seva ya zamani pia isisahaulike. Wengine huiacha ikiwaka pembeni kwa tahadhari, haina marekebisho, na mlango wa kuingilia kutoka nje bado uko wazi. Wengine huiuza ikiwa na diski zake. Kufomati haraka hufuta tu orodha inayoonyesha faili liko wapi; maandishi yenyewe yanabaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kwa diski za kielektroniki (SSD) hata kuandika juu hakutoshi. Tumia amri ya ufutaji ya mtengenezaji au ivunje. Andika namba ya kila diski, pamoja na ile mbovu iliyotolewa zamani ikawekwa kabatini, njia iliyotumika kuifuta, tarehe, na saini ya aliyefanya kazi hiyo. Karatasi hiyo ndiyo tutakayoiomba.

Uvujaji ukitokea, saa 72 za kuijulisha mamlaka zinahesabiwa tangu ulipofahamu, siku za mapumziko zikiwemo. Kwa sheria ya Kenya mchakataji ana saa 48, inapowezekana, za kukujulisha wewe. Liweke hilo kwenye mkataba, pamoja na jina na namba ya simu ya atakayepokea ujumbe huo usiku wa manane. Eleza kilichotokea, aina ya taarifa, idadi ya watu kwa makadirio, madhara yanayotarajiwa na hatua ulizochukua. Wanaochelewa wengi hutuambia walikuwa bado wanachunguza. Hakuna aliyewataka wamalize kuchunguza kwanza. Leta ulichonacho ndani ya muda, hata kama kina mapengo, na mengine yafuate kwa awamu, sheria inaruhusu.