Umri wa Teksi Uingereza: Yasemwayo Kituoni na Yaliyomo Kwenye Kanuni

Mwenzetu mmoja, mzaliwa wa Mombasa anayeishi katika mji wa kaskazini mwa England, alikopa fedha akanunua gari la miaka saba, safi ndani na nje, lenye kumbukumbu zote za matengenezo, akiamini kwamba litapata leseni ya teksi bila tabu kwa kuwa binamu yake anaendesha gari la umri huohuo katika mji wa jirani. Ofisa wa leseni alifungua kadi ya usajili, akaweka kidole kwenye tarehe ya usajili wa kwanza, akamrudishia karatasi zake. Halmashauri ile haipokei kwa mara ya kwanza gari lililopita miaka mitano. Gari halikufika hata kwa fundi wa ukaguzi, na deni la benki likabaki palepale.

Kilichomponza ni dhana kwamba umri wa teksi umewekwa na sheria moja ya nchi nzima. Sheria ya namna hiyo haipo. Katika England na Wales, nje ya London, leseni hutolewa na halmashauri za mitaa kwa mujibu wa sheria mbili: ya mwaka 1847, iliyotungwa zama za magari ya farasi na ambayo hadi leo inatawala teksi zinazosimamishwa barabarani, na ya mwaka 1976, iliyoyaleta chini ya leseni magari yanayoagizwa kwa miadi. Sheria hiyo ya pili inataka gari la miadi liwe la aina, ukubwa na umbo linalofaa, zima kiufundi, salama na lisilomtesa abiria, kisha inaiachia halmashauri iweke masharti mengine inayoona kwa haki kuwa ni ya lazima. Idadi ya miaka haikutajwa. Ndiyo maana miji miwili inayopakana inaweza kuwa na masharti yasiyofanana kabisa, na yote yakawa halali. Zaidi ya hayo, gari la miadi lenye bamba la leseni la halmashauri moja linaruhusiwa kumchukua abiria katika mji mwingine, mradi gari, dereva na kampuni iliyopokea oda wote wawe na leseni ya halmashauri hiyohiyo. Kwa hiyo gari kuukuu unaloliona mtaani kwako si ushahidi wa kanuni za mtaa wako.

Wengine huchanganya umri wa kuingia na umri wa kutoka. Halmashauri zenye kikomo mara nyingi huwa na viwili: gari lisizidi miaka fulani siku linapoombewa leseni mara ya kwanza, na lisizidi miaka mingine, iliyo mingi zaidi, wakati wa kuhuishwa. Mwenye gari la miaka tisa lililosajiliwa kama teksi tangu likiwa jipya anaweza kuendelea na kazi, huku jirani yake aliyenunua jana gari la miaka sita akikataliwa.

Wanaotoka Kenya huja pia na hesabu ya miaka minane, kwa sababu kiwango cha ubora cha Kenya kiitwacho KS 1515 hakiruhusu kuingiza nchini gari lililopita umri huo. Kanuni hiyo hulitazama gari mara moja tu, linapoingizwa nchini. Leseni ya gari inayotolewa na halmashauri ya England au Wales haizidi mwaka mmoja, hivyo swali la umri huulizwa upya kila mwaka, na hesabu haianzii siku uliyolinunua. Mwenye gari lililotoka Japani asome kwa makini sera inahesabu kuanzia tarehe gani, maana siku ya kusajiliwa Uingereza na siku ya kutoka kiwandani zinaweza kuachana kwa miaka.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba gari lenye umri mkubwa ni bovu, na kwamba kikomo kipo kwa ajili ya usalama tu. Fundi anayejua kazi yake hulala chini ya gari na tochi, akagonga kingo za chini za milango kusikiliza kama bati limeoza, kwa sababu chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi hula chuma kuanzia chini, mahali mwenye gari hapaoni. Gari la miaka minne lililokimbizwa usiku na mchana na madereva wawili linaweza kuwa limechakaa kuliko la miaka kumi lililotunzwa na mtu mmoja. Wizara ya Uchukuzi ya Uingereza yenyewe ilikiri katika mwongozo wake wa mwaka 2010 kwamba gari la zamani linaweza kuwa katika hali nzuri, ikapendekeza yaliyozidi miaka mitano yakaguliwe mara mbili kwa mwaka badala ya kukataliwa. Sheria ya 1976 inaruhusu halmashauri kuliita gari kwenye ukaguzi hadi mara tatu ndani ya miezi kumi na miwili. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo njia ya haki, kwani namba peke yake humwadhibu anayetunza pamoja na asiyetunza.

Sababu nyingine ya vikomo ni moshi, na hapo hoja ina uzito. London iliweka kikomo cha miaka 15 kwa teksi zake mwaka 2012. Kuanzia Novemba 2019 ikaanza kukishusha kwa hatua hadi miaka 12 kwa zile za dizeli zinazochafua zaidi, huku zilizo safi zikibaki na 15. Tangu tarehe 1 Januari 2018, teksi inayopewa leseni huko kwa mara ya kwanza lazima iweze kwenda angalau maili 30 bila kutoa moshi. Hata hivyo, gari la umeme la miaka mitano halitoi moshi ambao gari jipya la dizeli linautoa, na mwongozo mpya wa wizara wa Novemba 2023 ulitumia hoja hiyohiyo kuzitaka halmashauri ziache vikomo vya umri, ziweke badala yake masharti ya moshi, usalama na nafasi za abiria wa viti vya magurudumu.

Baada ya mwongozo huo ikavuma kwamba vikomo vyote vimefutwa. Havikufutwa, kwa kuwa mwongozo ni ushauri. Halmashauri inaweza kubaki na sera yake, lakini haiwezi kuifanya ukuta usio na mlango: inapaswa kutazama kila ombi kwa hali yake na kumsikiliza mwenye sababu ya kutendewa tofauti. Anayekataliwa kuhuisha leseni anastahili kupewa sababu, na ana siku 21 tangu kuarifiwa uamuzi kukata rufaa mbele ya mahakimu. Wengi hupeleka barua ya kukataliwa kituoni ijadiliwe, na siku hizo zikaishia hapo.